Datsun 240Z inakosa moto: distributa kwanza, kabureta ziache hapo zilipo

Haya, karibuni chini ya boneti. Hii ni Datsun 240Z, injini ya L24, silinda sita kwenye mstari mmoja, cc 2,393, kabureta mbili za Hitachi (ndizo zinazochanganya petroli na hewa), zile za kichwa cha mviringo. Ndugu yake ndiye aliyeshinda East African Safari mwaka 1971 akiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, akarudia mwaka 1973 na Shekhar Mehta na Lofty Drews. Huyu wa leo anapitwa hata na bajaji. Sikilizeni... umesikia? Pu-pu-pu-paa. Silensa, yaani mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta, haitulii, ukikanyaga anasita kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, na barabarani anazima ghafla, halafu baada ya muda anawaka kama hakuna kilichotokea.

Najua mmeshaanza kuandika chini huko: kabureta! Tulieni. Utaratibu wangu ni vali na kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda), kisha umeme, kabureta mwisho kabisa. Ukizungusha skrubu za kabureta kabla hujahakikisha cheche ni nzuri, utakuwa na ubovu wa aina mbili, na wa pili umeuleta wewe.

Kompresheni nimeshapima, siwachoshi. Silinda zote zimekaribiana, na hilo ndilo la msingi: ya chini kabisa isishuke chini ya asilimia 80 ya ya juu. Ukipimia Arusha au Nairobi utasoma pungufu kuliko Dar, hewa ya milimani ni nyepesi, usikimbilie kufungua injini. Vali nazo ziko sawa: injini ya moto, ingizo milimita 0.25, ekzosti 0.30. Twende.

Plagi. Toa zote sita, zipange mezani kwa namba, ya 1 ni ile ya upande wa redieta. Usizitupe kwenye kopo! Mpangilio huo ndio taarifa yenyewe. Kabureta ya mbele inalisha silinda 1, 2 na 3, ya nyuma inalisha 4, 5 na 6. Zikiwa nyeusi tatu za mbele na tatu za nyuma ni safi, hapo nitakubali tuzungumze kabureta. Lakini tazama hizi: ya 2 nyeusi, ya 5 nyeusi, nyingine zote rangi ya chai ya maziwa. Ubovu umerukaruka, haufuati kabureta. Huo ni umeme. Zinazorudi ni NGK BP6ES, upenyo milimita 0.8 hadi 0.9. Usiziamini kwa sababu zimetoka kwenye boksi, pima.

Waya za plagi: multimita kwenye omu, ncha hadi ncha. Ukisoma zaidi ya omu 30,000 kwenye waya mmoja, huo umekufa. Hapa... wa 1 mzima, wa 2... Dogo, leta kamera hapa. Omu 84,000! Wa 5 mzima. Kwa hiyo waya wa 2 tunabadilisha, lakini ya 5 bado hatujajua kwa nini ni nyeusi. Usishangilie kosa la kwanza ukasahau la pili.

Mpangilio wa moto, yaani zamu za silinda kupata cheche, ni 1-5-3-6-2-4, na rota, kile kijipande kinachozunguka ndani ya distributa na kuigawia kila plagi cheche yake, ukiitazama kutoka juu inazunguka kinyume cha saa. Andika kwa kalamu ndani ya boneti kama kichwa chako ni kama changu.

Kifuniko cha distributa. Achia klipu mbili, geuza, leta tochi. Mwanga uingie kwa pembeni, siyo moja kwa moja. Dogo, shusha mkono kidogo. Hapo! Unaona kimstari cheusi kama kimechorwa na penseli, kinatoka nguzo ya 5 kwenda chini? Hiyo ni njia ya umeme. Cheche imejichimbia barabara kwenye plastiki, inaona rahisi kupita hapo kuliko kuruka upenyo wa plagi. Kukwangua na msasa hakusaidii, itarudi siku ya mvua ya kwanza. Kifuniko kipya. Na usisahau kaboni ndogo ya katikati: ibonyeze, iwe na springi, irudi yenyewe. Kwa hiyo silinda ya 5 tumeipata.

Sasa tunaingia penyewe. Pointi: swichi ndogo ndani ya distributa, inafunguka na kufungana, na kila ikikata umeme wa koili, koili inatoa cheche.

Kabla hujafungua skrubu hata moja, chukua kitambaa safi, zungushia shafti ya distributa, funika bati la pointi pembeni kote. Hizi skrubu ni ndogo kama punje ya mchele. Ikikuponyoka inaingia chini ya bati, kwenye uzito wa springi unaosogeza taimingi (wakati wa cheche kuruka), na hapo unatoa distributa nzima. Kitambaa kwanza. Nitarudia: kitambaa kwanza. Bisibisi ya sumaku ni nzuri, lakini sumaku haina huruma, inaweza kukuachia katikati ya safari.

Pointi za zamani ziangalie. Kama zimechimbika upande mmoja na kuota kichuguu upande wa pili, shuku kondensa, kile kikopo kinachozilinda pointi zisiungue, ibadilishe pamoja nazo. Kwenye distributa hii kondensa iko nje, pembeni, waya wake unakutana na wa pointi kwenye tominali ya ubavuni.

Na hapa, jamani, ndipo watu wanaharibu. Tominali hii ya ubavuni. Waya wa pointi, waya wa kondensa na waya unaotoka koili, vyote vitatu viguse pamoja. Lakini hakuna hata kimoja kinachotakiwa kugusa mwili wa distributa. Ndiyo maana kuna hivi vikinga vyeusi. Piga picha na simu kabla hujafungua. Ukikosea mpangilio wa vikinga, kimoja kikakaa ndani badala ya nje, koili inapelekwa athi, yaani kwenye mwili wa gari, muda wote na gari halitoi cheche hata moja. Utanunua koili mpya bure. Kosa lenyewe halionekani kwa macho! Kwa hiyo ukimaliza kufunga, kabla ya kurudisha kifuniko: chomoa waya wa koili, zungusha injini pointi ziwe wazi, weka multimita kati ya tominali na mwili. Isionyeshe muunganiko wowote. Ikilia, rudi nyuma, vikinga viko kombo. Haya nayarudia kwa sababu huo ni mtego wenye subira.

Kupima upenyo: zungusha injini kwa spana kwenye boliti ya puli, plagi zikiwa nje ni rahisi, mpaka kisigino cha pointi kikae kwenye kilele kimoja cha kamu, ile sehemu ya shafti yenye pembe inayofungua pointi. Kati ya 0.45 na 0.55 za milimita. Mimi napenda 0.50, kwa sababu kisigino kipya kinalika mwanzoni na upenyo unapungua wenyewe. Fila geji, zile bamba nyembamba za kupimia upenyo, zipitie kitambaa chenye spiriti kwanza. Zina mafuta hizi, na mafuta yakibaki kwenye uso wa pointi yanaungua, unapata pointi mpya zenye ugonjwa wa zamani. Kaza skrubu, kisha upime tena. Kukaza kunasogeza. Umepima baada ya kukaza? Pima tena.

Grisi kwenye kamu, kiasi cha kichwa cha kiberiti. Bila grisi kisigino kinaisha, upenyo unafunga, taimingi inachelewa, na gari linakuwa zito bila mtu kujua kwa nini.

Sasa voltimita. Washa swichi, usipige stata, pointi zikiwa zimefungana. Usikae hivi zaidi ya dakika moja, koili inachemka. Kipimo cha kwanza: upande wa hasi wa koili hadi athi. Kinatakiwa kiwe chini ya volti 0.2. Hapa tunasoma... 0.9. Pointi mpya, upenyo sahihi, na bado 0.9? Kuna kinachozuia umeme kwenda athi.

Dogo, karibia. Ndani ya distributa kuna waya mfupi unaounganisha bati la pointi na mwili. Vakyumu, yaani mvuto wa hewa kutoka kwenye injini, ikivuta bati, waya huu unakunjwa na kukunjuliwa kila siku. Nje unaonekana mzima, ndani nyuzi zimekatika. Nikiuvuta taratibu... umetoka mkononi! Huyu ndiye anayesababisha kusita kwenye 3,000. Weka waya laini wenye nyuzi nyingi nyembamba, urefu uleule. Waya mgumu wa nyumba usijaribu, utalizuia bati lisigeuke. Tupime tena: 0.1. Safi.

Kipimo cha pili, upande wa chanya wa koili, pointi bado zimefungana. Gari hili lina rezista ya koili, inayopunguza volti, kwa hiyo msitegemee volti 12 hapa. Sita, saba, hata nane ni sawa. Ukiwa unapiga stata rezista inarukwa na koili inapata umeme wa betri moja kwa moja. Ndiyo maana gari linalowaka ukishikilia ufunguo na kuzima ukiuachia, mkosaji wa kwanza ni rezista au njia inayoelekea kwenye rezista.

Rudisha kila kitu, tuwashe. ...Aah. Sikiliza hiyo! Silinda sita zinaongea pamoja. Dweli, yaani nyuzi ambazo pointi zinakaa zimefungana, mita inasema 38. Inatakiwa 35 hadi 41. Ukiongeza moto isiyumbe zaidi ya nyuzi mbili tatu. Ikicheza, shafti ya distributa imelegea kwenye bushi na hakuna pointi zitakazokuokoa.

Taimingi inakuja baada ya pointi, siyo kabla, kwa sababu kila ukigusa pointi taimingi inahama. Chomoa hosi ya vakyumu, izibe. Soma kibandiko kwenye boneti cha gari lako, namba zilibadilika kutegemea mwaka na soko. Kimefutika? Mimi naanza na nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu, kisha naangalia jumla kwenye mizunguko 3,500: 32 hadi 34 na nisisikie injini ikigonga. Ikigonga kwa petroli ya kwenu, rudisha nyuma. Pistoni ni ghali kuliko mwendo kasi.

Tumemaliza? Nilitaka kusema tume—ona, kamera, kamera! Imezima. Mmeona sindano ya RPM, ile geji ya mizunguko? Rudisha video nyuma kidogo. Injini bado inazunguka kwa mwendo wake, lakini sindano imeanguka sifuri papo hapo. Hicho ni kipimo cha bure. Mafuta yakikatika, sindano inashuka polepole pamoja na injini. Ikianguka ghafla injini ikiwa bado inazunguka, umeme wa koili ndio umekatika.

Na 240Z za mwanzo zina kituko chake: umeme wa koili unapita kwanza nyuma ya geji ya RPM, ndivyo geji inavyohesabu. Konekta ikilegea nyuma ya dashibodi, gari linazima. Mtu anaweza kubadilisha kila kitu chini ya boneti, na ubovu umekaa mbele ya magoti yake. Washeni tena, nipenyeze mkono nyuma ya geji. Natikisa waya... imezima. Natikisa... Hii hapa, konekta imeungua kahawia. Tumia brashi ya shaba, bana kike chake kidogo kwa koleo, rudisha hadi isikike. Natikisa tena kwa nguvu. Inanguruma tu. Twende barabarani dakika kumi, turudi.

Tumerudi, injini imepata moto. Sasa kabureta, kwa heshima zake. Fungua kofia ya juu ya kila moja, mafuta ya dampa, yanayozuia pistoni ya kabureta isipande haraka mno: SAE 20. Ya nyuma ilikuwa kavu kabisa, ndiyo maana ilikohoa ukikanyaga ghafla. Toa kifuniko cha chujio la hewa, chukua bisibisi nyembamba, inua pistoni ya kabureta milimita moja tu. Injini ikipanda kidogo kisha ikatulia, mchanganyiko uko sawa. Ikipanda na kubaki juu, mafuta yamezidi. Ikitaka kufa, mafuta ni machache. Mbele... sawa. Nyuma... sawa. Nati za chini, za kurekebisha mchanganyiko, sizigusi. Za kwako kama zimeshachezewa, pandisha hadi mwisho kwa mkono, bila nguvu, kisha shusha mizunguko miwili na nusu, ndipo uanze kutafuta robo robo. Kushusha ni kuongeza mafuta. Ukitune Tanga ukapanda Lushoto, itakuwa na mafuta mengi kidogo. Hiyo ni hewa, usimlaumu fundi.

Mtaniuliza kuhusu moduli ya elektroniki badala ya pointi. Ni nzuri, taimingi haihami. Mimi nabaki na pointi kwa sababu zikiniangusha njiani nazisafisha na karatasi, moduli ikifa unaita gari la kukokota. Na ndiyo, pointi nauza, kwa hiyo mnajua naegemea wapi. Pointi, kondensa, vifuniko na rota vipo. Ila msiniagize kwa kusema "ya 240Z" tu. Distributa zake hazikuwa aina moja, nyingine zina pointi pea mbili. Fungua kifuniko, piga picha kutoka juu rota ikiwa imetolewa, piga na namba iliyogongwa ubavuni, ndipo nitafute. Na ukipokea mzigo, kabla ya skrubu ya kwanza: kitambaa.