Kijicho, Siwa na Habari za Heri

Assalaam alaikum, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa hapo madakani.

Mwezi uliopita jirani yangu wa hapa Mkomani alinivuta kando, akatazama huku na huku, kisha akaninong'oneza kwamba bintiye amekubaliwa kusomea uuguzi. Kwa uso aliokuwa nao nilidhani ameniletea habari ya msiba. Nilipomwuliza sababu ya kunong'ona, alinijibu kwa neno moja tu: kijicho.

Hofu hiyo naijua, maana nimelelewa nayo, wala siidharau. Hata hivyo imetupeleka mbali mno, hadi habari za maradhi na mazishi tunazitangaza kwa sauti huku habari za heri tukizificha kama deni. Wazee wetu hawakuishi hivyo. Siwa, yaani zile pembe kubwa za kupuliza mnazoziona katika makumbusho yetu, ile ya shaba ya Lamu na ile ya pembe ya ndovu ya Pate, zilipulizwa katika harusi na sherehe kubwa, na wanawake walipita mitaani wakipiga vugo, zile pembe za nyati, hata mgonjwa aliyelala ghorofani akajua ni nyumba ipi iliyo na furaha usiku huo. Na Mola wetu, katika Surat Adh-Dhuha, alimwamrisha Mtume wake azisimulie neema za Mola wake.

Kusimulia si kujigamba. Mwenye kujigamba hutaka umtazame yeye. Msimulizi hutaka ufurahi pamoja naye, na moyo huitambua tofauti hiyo upesi.

Mwaka 2004 mwanasaikolojia wa Marekani, Shelly Gable, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mtu anapomsimulia mwenzake jambo jema lililompata, huongezewa furaha kupita ile iliyoletwa na jambo lenyewe, na kwamba faida hiyo hutegemea sana namna msikilizaji anavyoitikia. Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu nahofia kwamba wengi wetu tumeacha kusimulia si kwa kuogopa jicho baya, bali kwa kuchoshwa na masikio baridi. Mtoto anakuja mbio na habari yake, nasi tunasema "Alhamdulillahi" bila kuinua macho kwenye simu, kisha tunamwuliza kama ameshanunua mkate. Yule anayeuliza "Ulijuaje? Mamako alisemaje? Utasafiri lini?" humpa mwenye furaha nafasi ya kuiishi mara ya pili.

Nami siku ile nilikuwa nimeitikia kwa "Mashallah" tu, nikaendelea na safari yangu. Jambo hilo lilinikera mpaka magharibi, nikarudi kwao, nikamwomba binti mwenyewe anisimulie tangu siku alipotuma maombi. Alianza kwa haya, akachangamka, akafika mwisho amesimama. Bibi yake akapiga kigelegele, na kutoka wikioni, kile chumba cha juu kinachovuka kichochoro, nyumba ya pili, kikajibiwa.