Kitufe cha Wi-Fi Kinapogoma kwenye Linux: Kuutafuta Ujumbe Ulipopotelea

Waheshimiwa wasikilizaji,

Kitufe cha kuwasha na kuzima Wi-Fi kwenye kompyuta ya mpakato, kile chenye alama ya mnara au ya ndege, kinalalamikiwa sana na watu wanaohamia Linux, na malalamiko hayo mara nyingi hujibiwa vibaya. Mtu husema kitufe hakifanyi kazi, akaambiwa asakinishe upya kiendeshi cha kadi ya Wi-Fi, yaani programu inayoiwezesha Linux kuitumia kadi. Anasakinisha, anaizima na kuiwasha kompyuta, na kitufe kinabaki kimya vilevile. Hoja yangu ni kwamba kitufe na kadi ni vitu viwili tofauti, kwamba kati yao wamo wapokezi kadhaa wanaopokezana ujumbe, na kwamba kazi ya anayetafuta hitilafu ni kujua ujumbe umepotelea kwa nani kabla hajagusa faili lolote.

Tuanze na upande wa kadi, maana huko jibu hupatikana haraka. Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, uandike rfkill list. Utaonyeshwa redio zote ambazo kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, inazifahamu, na chini ya kila moja patakuwa na mistari miwili, “Soft blocked” na “Hard blocked”. Mstari wa kwanza ni kizuizi cha programu: ama wewe ama programu fulani imeagiza redio inyamaze, na amri rfkill unblock wifi inatosha kukiondoa. Wa pili ni kizuizi cha maunzi, na hicho hakuna amri ya rfkill itakayokiondoa, kwa sababu kerneli inaripoti tu ilivyoambiwa na mashine. Kwenye kadi za mini PCIe, kwa mfano, pini ya 20 imetengwa kwa ajili ya kuzima redio. Ubao mama ukiishusha pini hiyo, redio inanyamaza, mfumo utake usitake.

Ikiwa mistari yote miwili inasema “no” na bado huoni mtandao hata mmoja, jaribu nmcli radio wifi on, kwani NetworkManager, programu inayosimamia mitandao, ina swichi yake yenyewe. Likishindikana hilo pia, tatizo lako huenda liko kwenye kiendeshi, na mhadhara huu hautakusaidia sana.

Majina yaliyo kwenye orodha ile nayo yasomwe, yasirukwe. Jina kama phy0 ni la kadi yenyewe; jina kama ideapad_wlan au hp-wifi limewekwa na moduli, yaani kipande cha kerneli, inayohudumia aina ile ya mashine. Tofauti hii imewatesa watu wengi. Kwa muda mrefu moduli ya ideapad_laptop iliripoti kizuizi cha maunzi kwenye baadhi ya mashine ambazo hazikuwa na swichi ya kuzima redio kabisa, na mwenye kompyuta alibaki akitafuta ubavuni mwa mashine kitu ambacho kiwanda hakikukiweka. Watunzaji wa kerneli waliongeza orodha ya mashine zisizo na swichi ili moduli iache kusema uongo, lakini mtu aliyekuwa na mashine isiyomo kwenye orodha alilazimika kuiondoa moduli kwa modprobe -r ili apate mtandao. Hapo ndipo unapoona kwamba kuisoma rfkill list kwa makini kunaokoa saa nzima ya kuhangaika na kadi isiyo na kosa.

Kuna jambo jingine dogo kuhusu kadi. Huduma ya systemd-rfkill huhifadhi hali ya kila redio ndani ya /var/lib/systemd/rfkill na kuirudisha kompyuta inapowaka. Kwa hiyo redio iliyozimwa jana kwa bahati mbaya itaamka leo ikiwa imezimwa, na kama kitufe nacho hakisikiki, mtu atadhani kadi imekufa.

Sasa tuje kwenye kitufe chenyewe. Kinapobonyezwa, ishara yake hupita mojawapo ya njia tatu, na aliyechagua njia ni mtengenezaji wa mashine, si wewe wala Linux. Njia ya kwanza ni ya kibodi ya kawaida: kitufe hutoa msimbo kama vile herufi inavyotoa, ila msimbo huo mara nyingi ni mgeni kwa kerneli. Njia ya pili ni ya ACPI au WMI, taratibu za mawasiliano kati ya mashine na mfumo, ambako programu dhibiti ya mashine, ile iliyowekwa na kiwanda kwenye ubao mama, hutangaza kwamba kuna tukio, na lazima pawe na moduli inayoielewa lugha ya mashine ile: thinkpad_acpi, hp_wmi, asus_nb_wmi, dell_wmi, acer_wmi, toshiba_acpi na nyingine za ukoo huo. Njia ya tatu ni kwamba mfumo haupewi taarifa yoyote ya kitufe. Kidhibiti kidogo kilichomo kwenye ubao mama hukata redio chenyewe, na kerneli huja kugundua pale inapoona kizuizi cha maunzi kimebadilika. Ipo mashine inayotumia njia mbili kwa pamoja, na hiyo nitairudia, kwa kuwa ndiyo inayokera kuliko zote.

Chombo cha kuijua njia ni evtest, kinachoendeshwa kwa sudo. Kikianza, hukupa orodha ya vifaa vyote vya kuingizia ishara, na mgeni hukimbilia kile kinachoitwa “AT Translated Set 2 keyboard” kwa sababu kinafanana na kibodi. Usiishie hapo. Kitufe chako kinaweza kuwa kinasikika kwenye “HP WMI hotkeys”, “Asus WMI hotkeys”, “ThinkPad Extra Buttons” au “Intel HID events”, na ukikisubiri kwenye kibodi utahukumu kwamba kimekufa ilhali kinaongea na chumba cha pili. Asiyetaka kuvipitia vifaa kimoja kimoja aendeshe libinput debug-events --show-keycodes, ambayo husikiliza vyote kwa wakati mmoja. Na kabla ya yote hayo, ingia BIOS, mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla ya Linux kuwaka, uangalie kama tabia ya Fn imegeuzwa: kwenye mashine nyingi kuna mpangilio unaoamua kama F2 au F12 inatenda kazi ya alama yake moja kwa moja au mpaka ishikiliwe pamoja na Fn.

Ukiona KEY_WLAN au KEY_RFKILL kwenye evtest, kitufe ni kizima na kerneli imekielewa. Aliyelala ni mpokezi wa mwisho, yaani eneokazi lako, programu ya madirisha na menyu. Ukiona kimya kwenye vifaa vyote, soma kumbukumbu za kerneli kwa sudo dmesg mara tu baada ya kubonyeza. Hapa naomba tutulie kidogo, maana ndipo penye kazi halisi.

Kwa mashine inayopita njia ya kibodi, utakuta mstari unaosema “atkbd serio0: Unknown key pressed (translated set 2, code 0x88 on isa0060/serio0)”, ukifuatwa na mwingine unaokushauri utumie setkeycodes e008. Mstari huo ni habari njema. Unakuambia kwamba ishara imefika, ina msimbo 0x88, na kilichokosekana ni mtu wa kuutafsiri. Ukiandika sudo setkeycodes e008 238, ambapo 238 ndiyo namba ya KEY_WLAN ndani ya kerneli, kitufe kitaitika papo hapo. Kompyuta ikizimwa, tafsiri hiyo inasahaulika, na ndiyo maana setkeycodes naiona kama kipimo tu, si tiba.

Tiba ni faili dogo ndani ya /etc/udev/hwdb.d, folda ya udev, huduma inayosimamia vifaa; tuseme faili hilo ni 90-kitufe.hwdb. Mstari wake wa kwanza unaitambulisha mashine, na namna fupi kabisa ni evdev:atkbd:dmi:* ingawa ni ustaarabu kuandika mtengenezaji na jina la mashine kama yanavyosomeka ndani ya /sys/class/dmi/id/modalias. Mstari wa pili ni KEYBOARD_KEY_88=wlan, na lazima uanze na nafasi moja tupu. Nasisitiza nafasi hiyo kwa sababu isipokuwapo mstari wa pili hausomwi kama maelezo ya mashine iliyotajwa juu yake, na mtu anaweza kukodolea faili macho bila kuona kilichopungua. Kisha endesha sudo systemd-hwdb update na baadaye sudo udevadm trigger, urudi kwenye evtest, ubonyeze tena. Kama kitufe kinaonekana kushikiliwa na hakiachiliwi, ile kibodi haitumi ishara ya kuachia. Tia alama ya mshangao kabla ya neno wlan, na udev itamwagiza kerneli aiachilie yeye mwenyewe.

Namba hizi zina mpaka wake. Mfumo wa dirisha wa X huongeza 8 kwa kila namba ya kerneli na haupokei inayozidi 255. KEY_RFKILL ni 247, kwa hiyo inapenya ikiwa ya mwisho kabisa. KEY_MICMUTE, ambayo ni 248, inaachwa nje. Anayekifunga kitufe chake kwa namba kubwa zaidi atakiona kwenye evtest na hatakiona kwenye eneokazi la X, na wala halitakuwa kosa la eneokazi.

Kwa mashine zinazopita ACPI, swali kubwa ni kwa nini kitufe kilichokuwa kikifanya kazi kiache. Programu dhibiti, inapoamka, huuliza mfumo wewe ni nani kupitia utaratibu uitwao _OSI, na Linux hujibu ndiyo kwa majina ya Windows, likiwamo “Windows 2012” ambalo ndilo jina la Windows 8 katika mazungumzo hayo. Tangu Windows 8, mashine nyingi zikipata jibu hilo huacha kukata redio zenyewe na badala yake hutangaza tu kwamba kitufe cha hali ya ndegeni kimebonyezwa, zikitarajia mfumo ufanye kazi iliyobaki. Kama moduli inayosikiliza tangazo hilo haipo au haikupakiwa, ujumbe unasemwa na hakuna anayeusikia. Kuongeza acpi_osi="!Windows 2012" kwenye mstari wa kuwashia kerneli kunaweza kuirudisha tabia ya zamani. Binafsi sipendi kuishi na kigezo hicho, kwa kuwa kinabadilisha pia mambo yasiyohusu Wi-Fi, kama mwanga wa skrini. Nakitumia kuthibitisha tu kwamba shida iko hapo, kisha natafuta moduli sahihi kwa msaada wa lsmod, inayoorodhesha moduli zilizopakiwa.

Nimeahidi kurudi kwenye mashine ya njia mbili. Mwenye nayo husema kitufe hakifanyi chochote, lakini evtest inaonyesha kinasikika vizuri. Kinachotokea ni kwamba kidhibiti cha ubao mama kinaizima redio kwa kizuizi kinachoondoleka kwa programu, si kile cha maunzi, na kufumba na kufumbua eneokazi, likiwa limepokea KEY_WLAN, linaiwasha tena. Ni sawa na watu wawili walio kwenye ncha mbili za ukumbi wakibonyeza swichi za taa ileile kwa wakati mmoja. Pengine wanaogongana ni kerneli na eneokazi, kwa sababu kerneli nayo ina msikilizaji wake wa vitufe vya redio, na programu isiyojitambulisha kwenye /dev/rfkill kwamba italishughulikia jambo hilo huiacha kerneli ikiendelea kutenda. Ushahidi hupatikana kwa rfkill event. Iache ikiendelea kwenye dirisha moja, bonyeza kitufe mara moja tu, na kama mistari miwili inafuatana, mmoja ukisema soft 1 na unaofuata soft 0 kwa redio ileile, basi mtendaji ni zaidi ya mmoja. Ikiwa mashine yenyewe inamudu kuizima redio, ondoa yule wa pili: kwenye faili lako la hwdb andika unknown mahali pa wlan, ili kitufe kisiseme lolote kwa eneokazi.

Vitufe vinavyokufa baada tu ya kompyuta kuamka usingizini ni kesi nyingine, na huko mara nyingi kuiondoa moduli ya mashine na kuipakia upya kunatosha. Mwenye Windows kwenye mashine hiyohiyo azime Fast Startup, kwani Windows iliyolala nusu huweza kuiacha redio katika hali ambayo Linux haikuiagiza.

Ukishapata tafsiri inayofanya kazi, usiifiche kwenye mashine yako. Msimbo wa kibodi hupelekwa kwa watunzaji wa systemd, mradi unaotunza udev, kwenye faili lao la 60-keyboard.hwdb, tangazo la ACPI lisilo na msikilizaji huripotiwa kwa watunzaji wa viendeshi vya x86 katika kerneli. Ripoti iwe na mstari mzima wa modalias, toleo la kerneli, matokeo ya rfkill list kabla na baada ya kubonyeza, na yale evtest iliyoyaonyesha kwa kila kifaa ulichokisikiliza, vikiwamo vile vilivyonyamaza.