Imekwama wapi? Kompyuta inayogoma kuwaka baada ya sasisho

Asanteni, kaeni. Naomba tuanze na mikono. Nani amewahi kulala kompyuta yake ikiwa nzima, akaamka akakuta imegoma kuwaka kwa sababu usiku ilijisasisha? Naona ni wengi. Haya, na nani kati yenu jambo la kwanza alilofanya ni kubonyeza kitufe cha kuwashia, mara ya kwanza, ya pili, ya kumi, kama mtu anayegonga mlango wa mdeni wake? Msione haya, na mimi mkono wangu uko juu.

Jioni hii nina jambo moja tu la kuwaambia. Kompyuta ikigoma baada ya sasisho, au apdeti kama tunavyoiita, usianze kwa kuuliza nifanye nini. Uliza imekwama wapi. Ukishajua imekwama wapi, dawa zinabaki mbili au tatu. Usipojua, unapiga ramli, na ramli ya kompyuta mara nyingi huishia kwenye neno moja baya: "Tumeipiga Windows upya, picha zote zimekwenda."

Kompyuta haiwaki kwa mkupuo mmoja. Inawaka kama mbio za kupokezana kijiti. Umeme unaingia. Programu ndogo iliyokaa kwenye ubao mama, zamani BIOS, siku hizi UEFI, inaamka na kukagua kumbukumbu, kibodi na diski. Ikiridhika, inatafuta diski ya kuanzia na kukabidhi kijiti kwa kipakiaji cha mfumo. Kipakiaji kinaita kiini cha Windows, kiini kinaita madraiva, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa kama skrini na printa, na mwisho kabisa unauona ukurasa wa kuweka nywila. Sasa, sasisho la kawaida la Windows linachezea nusu ya pili ya mbio hizi. Kwa hiyo ukibonyeza kitufe na hakuna taa, hakuna feni, hakuna chochote, usimkamate sasisho. Angalia chaja, angalia waya. Kama ni laptopu, chomoa chaja, shikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, rudisha chaja, jaribu tena. Hapo sina la zaidi, tusonge mbele.

Ngoja, kuna ajabu moja ambayo wengi hawaijui. Tangu Windows 8, ukibofya Zima, kompyuta nyingi hazizimiki kikamilifu. Zinahifadhi kiini cha mfumo kwenye diski, ili kesho ziwake haraka. Ni Anzisha Upya ndiyo inayobomoa kila kitu na kukijenga tena. Maana yake ni kwamba mtu anayezima kompyuta kila usiku kwa nidhamu anaweza kumaliza wiki nyingi bila kiini chake kuanza upya hata mara moja. Linakuja sasisho, linalazimisha kuanza upya, na hapo kila ugonjwa uliokuwa umejificha unajitokeza siku hiyohiyo. Sasisho ndilo lililoonekana mwisho na marehemu, basi linaitwa mchawi.

Niliwahi kuletewa mashine na jamaa yangu, analia kwamba sasisho limeua diski. Skrini nyeusi, maandishi meupe, mstari mmoja: hakuna kifaa cha kuanzia. Nikaigeuza ubavuni. Flashi ndogo, ile ya ukubwa wa ukucha, ilikuwa imechomekwa hapo tangu sijui lini, imezoeleka mpaka haionekani. UEFI ya mashine ile ilipangwa ianze na flashi kabla ya diski. Ikaanza na flashi, haikukuta mfumo, ikakata tamaa. Nilichomoa flashi na kuwasha. Tangu siku ile, kabla sijafikiri lolote, nachomoa kila kitu: flashi, diski ya nje, printa, kadi ya kamera. Nabakiza kibodi, kipanya na skrini.

Sasa twende kwenye hali inayotia watu wazimu: vile vidoti vinazunguka na asilimia haisogei. Imeganda kwenye 27, nusu saa sasa. Je, nizime?

Nitawasimulia nilivyofanya mimi, msije mkafanya. Nilikuwa na kazi ya kukabidhi, asilimia imesimama, nikashikilia kitufe mpaka ikazima. Ilipowaka ikaanza kusema inarudisha mabadiliko nyuma, ikajizima, ikawaka, ikasema hivyohivyo, ikajizima. Mzunguko usio na mwisho. Ndani yake kulikuwa na kazi za kubadilisha faili zilizoachwa nusu, na kila mashine ilipowaka ilijaribu kuzimalizia ikashindwa. Kazi ya robo saa ya kusubiri niliibadilisha ikawa kazi ya usiku mzima.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: angalia taa ya diski, kama mashine yako inayo. Ikipepesa, mashine inafanya kazi, mwache mtu na kazi yake. Diski ya zamani ya kuzunguka inaweza kuchukua saa nyingi kwa sasisho kubwa. Ukishapita saa mbili, tatu, taa imetulia kabisa na namba haijasogea, hapo shikilia kitufe sekunde kumi, izime. Lakini kuna sasisho moja usilolikatiza hata nyumba ikitikisika: lile la UEFI yenyewe. Utalijua kwa nembo ya kampuni iliyotengeneza kompyuta, mstari unaojaa taratibu, na onyo la kutochomoa umeme. Hilo likikatika katikati, ubao mama wenyewe unaweza kufa, na hapo hakuna menyu itakayokuokoa.

Tuseme umeshajua: nembo inatokea, vidoti vinazunguka, halafu inarudi mwanzo au inatoa skrini ya bluu. Kijiti kimedondoka kwenye nusu ya pili. Hongera, kwa sababu Windows ina chumba cha ukarabati kilichofichwa kwa ajili ya siku hii. Mfumo ukishindwa kuwaka mara mbili mfululizo, wenyewe unakufungulia. Chumba kisipofunguka, washa, na vidoti vinapoanza kuzunguka shikilia kitufe mpaka izime. Rudia mara mbili au tatu. Ndiyo, ni kile kitendo nilichowakataza dakika moja iliyopita. Tofauti ni kwamba sasa mashine haisasishi tena, imekwama, na wewe unafanya kwa makusudi.

Ukifika, gusa palipoandikwa Troubleshoot, kisha Advanced options. Watu wengi wanakimbilia Startup Repair kwa sababu jina lake linapendeza. Jaribu, haina madhara, ila mimi sijaiona ikiponya sana ugonjwa wa sasisho. Kinachoponya ni Uninstall Updates. Humo kuna njia mbili: kuondoa sasisho la mwisho la kila mwezi, au kuondoa toleo jipya zima la Windows na kurudi la zamani. Hiyo ya pili ina muda wake. Kwa kawaida ni siku 10, baada ya hapo Windows inafuta folda ya Windows.old iliyobeba toleo la zamani, na mlango unafungwa. Chagua inayolingana na kilichotokea. Faili zako haziguswi.

Mimi usiku ule wa mzunguko usio na mwisho, hata hiyo ilikataa. Nikaingia kwenye dirisha jeusi la amri, Command Prompt, nikaandika amri ya kufuta kazi zilizoachwa nusu, ikajibu kwamba haioni Windows. Nikaandika tena. Haioni. Nilikaribia kuamini diski imefutika. Kumbe ndani ya chumba cha ukarabati herufi za diski zinaweza kubadilika: C ya mchana ilikuwa imekuwa D usiku. Nikaandika dir C: nikaona kisehemu kidogo kitupu, nikaandika dir D: nikaona folda ya Users, na ndani yake jina langu. Nawaambia, sijawahi kufurahi hivyo kuona jina langu. Amri yenyewe ni hii, kama yupo anayeandika:

dism /image:D:\ /cleanup-image /revertpendingactions

Weka herufi uliyoiona wewe, usiige D yangu. Inachukua muda, halafu unaanzisha upya. Yangu ikawaka.

Ndani ya chumba hichohicho ipo pia Hali Salama, yaani Safe Mode, chini ya Startup Settings, namba 4. Windows inawaka na madraiva machache tu ya lazima. Ikiwaka hivyo lakini haiwaki kawaida, basi diski na kiini ni vizima. Mbaya wako ni draiva au programu iliyojipachika juu yake, mara nyingi draiva ya kadi ya michoro au programu ya kuzuia virusi.

Mfano mkubwa wa hili dunia nzima iliuona. Tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya ulinzi ya CrowdStrike ilisambaza faili yenye kasoro kwa programu yake ya Falcon. Microsoft ilikadiria kompyuta milioni 8.5 za Windows zilianguka, skrini za bluu kutoka viwanja vya ndege hadi hospitali. Kampuni iliirudisha faili ile nyuma baada ya dakika 78. Lakini mashine ikishaanguka mara nyingi haiwezi kupokea marekebisho, maana inaanguka kabla haijafika kwenye intaneti. Dawa ilikuwa nini? Kuingia Hali Salama, kufungua folda ya madraiva, kufuta faili moja ambayo jina lake linaanza na C-00000291, kuanzisha upya. Faili moja! Ila kwa mashine nyingi ilibidi mtu akae mbele yake na kuifanya kwa mkono wake, na wengi walikwama kwa sababu nyingine kabisa, ambayo ndiyo nataka niikalie kidogo.

BitLocker. Hii ni kufuli inayoisimba diski yako ili mwizi asiisome. Kompyuta nyingi mpya za Windows 11 zinaifunga zenyewe, kimyakimya, pale unapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Ufunguo wake unatunzwa na chipu ndani ya mashine, na chipu hiyo ina wivu: sasisho likigusa UEFI, inaweza kudhani diski imeibwa na kukataa kutoa ufunguo. Unakuta skrini ya bluu inakudai tarakimu 48. Si skrini ya ajali hiyo, wala si virusi. Inadai ufunguo tu.

Chukua simu, ingia aka.ms/myrecoverykey kwa akaunti uliyoifungulia kompyuta, utaukuta. Ukiona funguo kadhaa, linganisha kitambulisho cha ufunguo kilicho kwenye skrini na kilicho kwenye simu. Akaunti ikiwa ni ya mwanao aliyekuwekea mashine, mpigie mwanao. Ikiwa ni kompyuta ya kazini, ufunguo uko kwa watu wa kompyuta wa kazini. Na usipopatikana popote, diski ile haisomeki, si na fundi, si na Microsoft. Ndiyo maana nawaomba wenye mashine inayowaka leo waingie wakautazame usiku huu, wauandike kwenye karatasi. Si kwenye faili ndani ya kompyuta hiyohiyo. Kuna mtu anacheka pale nyuma, nadhani amefanya hivyo.

Maswali. Ndiyo, mama.

Anauliza: inawaka, anaweka nywila, halafu skrini nyeusi na mshale tu. Mama, hiyo kwako imeshawaka, imekwama hatua ya mwisho kabisa. Bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja; hiyo inaamsha upya draiva ya michoro. Isipotosha, Ctrl, Alt na Delete, fungua Task Manager, endesha kazi mpya, andika explorer.exe. Eneokazi likirudi, ondoa sasisho ukiwa ndani.

Kijana anauliza kuhusu Linux, mfumo mwingine unaotumika badala ya Windows. Nyinyi mna raha. Mifumo mingi ya Linux inabakiza kiini cha zamani; kwenye GRUB, menyu inayotokea mashine inapowaka, unachagua cha jana na unaendelea na maisha. Ila wanaoweka Linux na Windows kwenye mashine moja, Agosti 2024 sasisho la Windows liliwafungia baadhi yao Linux kwa kosa la SBAT, kinga inayokataa vipakiaji vya zamani visivyo salama. Jirani naye hutuma matatizo.

Swali zuri hili: nizime masasisho kabisa? Hapana. Mengi yanaziba matundu ambayo wahalifu tayari wanayajua. Lakini unaruhusiwa kusitisha, Windows 11 inakupa hadi wiki tano. Masasisho makubwa ya kila mwezi hutoka Jumanne ya pili ya mwezi. Mimi nasitisha wiki moja, naacha wenye haraka wajaribu kwanza, kisha napokea. Na siwashi sasisho usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi. Nilishajifunza.

La mwisho. Anasema diski yake inatoa mlio wa tiki, tiki, tiki tangu sasisho. Kaka, izime sasa hivi na usiiwashe tena kujaribu hata kimoja cha niliyosema. Hiyo diski inakufa. Huenda sasisho limeiandikia faili nyingi kwa mkupuo, likagusa sehemu zilizooza. Kila ukiiwasha unapunguza nafasi ya kutoa picha zako. Inatakiwa itolewe, isomwe kwenye mashine nyingine, na kinachotangulia kunakiliwa kiwe kile usichoweza kukipata tena.

Na wewe uliyekuja na laptopu yako kwapani, njoo hapa mezani. Ila kwanza chomoa hiyo flashi.