Namba Mbili Si Mahali: Mhadhara kwa Waandishi wa Programu Wapandao Milima

Ndugu zangu, GPS mnaijua, sitawapotezea muda kuieleza. Wengi wenu siku za kazi mnaandika programu, Jumamosi mko Longonot, Ngong au Uluguru. Kwa hiyo nawaambia tena lile ninalolisema kila nikipewa kipaza sauti: latitudo na longitudo peke yake si mahali. Ni namba mbili tu, mpaka useme zimepimwa kwa datumu gani, yaani kwa umbo gani la dunia na kutoka kitovu gani.

Chukua ramani ya zamani ya serikali, ya Kenya au Tanzania, ile ya 1:50,000. Soma maandishi madogo ya pembeni: datumu yake ni Arc 1960. Simu yako inatumia datumu nyingine, WGS84. Kila moja ina umbo lake la dunia na kitovu chake, na vitovu hivyo havikutani. Sasa soma koodineti za kambi kwenye karatasi, ziingize kwenye simu bila kubadili kitu. Simu itakupeleka takriban mita 300 kaskazini ya kambi, na karibu mita 90 magharibi. Kwenye karatasi mita 300 ni milimita 6, ndiyo maana jicho halishtuki. Mlimani ni ng'ambo ya korongo, na kwetu huku saa moja usiku giza limeshatanda.

Najua kuna anayesema moyoni, "Mimi karatasi siigusi, nina ramani ya simu." Haya, na ile njia uliyopakua aliichora nani? Watu huskani karatasi ileile, wakafuatisha vijia na chemchemi, wakaziweka mtandaoni. Kosa linahama pamoja na data, na safari hii hakuna maandishi ya pembeni ya kukuonya. Dalili yake ni hii: vitu vyote vimesogea upande mmoja, kwa umbali mmoja. Kosa la kipokezi cha GPS hutawanyika huku na huku. La datumu halitawanyiki. Linganisha vitu vitatu na picha ya setilaiti, tuseme njia panda, daraja na kona ya mto. Vyote vikiwa vimevutwa kaskazini kwa mita 300, acha kuilaumu simu.

Kwenye kipokezi cha mkononi, fungua mipangilio ya vipimo, chagua Arc 1960 na gridi ya UTM (inayogawa dunia kwa kanda na kupima kwa mita), ingiza namba za karatasi, kisha rudisha WGS84. Kwenye kompyuta, ramani iliyo kusini ya ikweta katika kanda ya 37 itangaze kuwa EPSG:21037, msimbo wa Arc 1960 katika kanda hiyo, halafu igeuze iwe EPSG:4326, msimbo wa WGS84. Kutangaza na kugeuza ni kazi mbili! Kila mara nakuta mtu amebandika 4326 juu ya namba za zamani, akaamini amegeuza. Kagua pia mgeuzo wenyewe: uliozoeleka kwa Kenya na Tanzania husogeza kitovu kwa mita −160, −6 na −302. Ukiona sifuri tatu, maktaba yako ya programu haijasogeza chochote. Na ukiwa sahihi, bado unaweza kubakiwa na kosa la makumi ya mita, basi usiutegemee kutafuta kivuko usiku.

Ukipita Nanyuki, ambako ikweta inakatiza, kumbuka kwamba namba ya kaskazini ya UTM huanzia 0 upande wa juu wa mstari, na upande wa chini huhesabiwa kutoka 10,000,000. Programu isiyojali kama kanda ni ya kaskazini au ya kusini hapo itakutupa mbali kabisa.

Mengine kwa haraka, muda umenibana. Nairobi ni −1.29, 36.82. Alama ya kutoa ikidondoka, jiji linahamia upande wa Maralal, kaskazini ya ikweta. Ukibadilisha nafasi za namba, na GeoJSON, muundo wa faili za data za ramani, hutaka longitudo kwanza, linaangukia baharini kusini-mashariki mwa Uhispania. Nyuzi 3 na dakika 4 si 3.04, ni 3.067, tofauti yake ni karibu kilomita 3. Tarakimu 5 baada ya nukta zinafika kwenye mita 1, kwa hiyo acheni kuhifadhi 14 mkidhani ni usahihi.

Habari ya urefu kutoka usawa wa bahari naiacha, inataka siku yake. Betri: pakua ramani ukiwa nyumbani, weka simu katika hali ya ndege, maana kwenye simu nyingi GPS huendelea kupokea bila mtandao, na uitunze mfuko wa ndani karibu na mwili, kwa sababu baridi huidhoofisha betri ya lithiamu hata ikiwa imejaa.