Ichomeke Kwanza, Ndipo Ulipe

Nimeombwa nizungumzie kamera ya bei nafuu ya kupigia taimulapsi nje, yaani picha nyingi zinazopigwa kwa vipindi na kuunganishwa kuwa video fupi, kwa mtu ambaye kompyuta ya zamani anayo tayari. Wengi wenu mmeshanisikia nikisema jambo hili, na leo nalirudia kwa sababu bado watu wanapoteza hela: kabla hujalipa, ichomeke kamera kwenye kompyuta yako mwenyewe, hapo hapo dukani, uone kama inapiga picha kwa amri ya kompyuta. Isipopiga, mrudishie mwenye duka. Usishawishike na lenzi ndefu wala mkoba wa bure.

Nisikilizeni vizuri hapa. Sisemi kompyuta iione kamera. Karibu kila kamera yenye waya wa USB itaonekana. Kompyuta itafungua folda, itakuonyesha picha zilizomo, utazinakili. Hiyo ni kamera inayotoa picha. Sisi tunataka kamera inayopokea amri: kompyuta iseme "piga", shata (kile kipazia cha ndani kinachoruhusu mwanga) ifunguke, na picha itue kwenye diski. Haya ni mambo mawili mbalimbali, na muuza duka hana sababu ya kuyajua. Ukimuuliza "inaungana na kompyuta?" atakujibu ndiyo, na atakuwa amesema kweli.

Nawafahamu wanafunzi waliotaka kuonyesha miche ya mikoko ikikua katika eneo lililopandwa upya. Wazo zuri kabisa. Walichangishana, wakapewa laptopu iliyokuwa imestaafishwa ofisini, wakanunua kamera ndogo ya kuvuta mbali, mpya, megapikseli 20. Walipoichomeka, laptopu ikaona memori kadi basi. Hakuna programu iliyoweza kuiamuru, kwa sababu kamera ile haikutengenezewa njia ya kuamriwa. Ikabidi wapokezane kwenda kubonyeza kwa kidole maji yakitoka. Leo huyu kaisimamisha juu kidogo, kesho yule kaielekeza kushoto. Video yao inarukaruka hadi macho yanauma. Na mche ukishaota umeshaota, huwezi kuuambia urudi chini ili uupige upya. Ndiyo maana jambo hili linanichoma. Hela ingetafutwa nyingine, lakini msimu ule hauko tena.

Kwa hela ile ile wangepata DSLR, yaani kamera kubwa ya kubadilisha lenzi, ya mtumba, kama Canon EOS 1100D ya mwaka 2011, au dada yake mkubwa, 1000D ya 2008. Hizi zinatii. Kwenye Windows, Canon ilikuwa ikitoa programu ya EOS Utility bure pamoja na kamera, na ndani yake mna kupiga kwa vipindi. Nikon nayo ina kamera nzuri sana, ila kwa miaka mingi programu yake ya kuziamuru, Camera Control Pro, ilikuwa ya kununua. Weka hesabu hiyo ndani ya bei.

Mimi kwenye kompyuta ya zamani naweka Linux nyepesi, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, kisha programu ya bure iitwayo gphoto2. Jaribio la dukani ni mistari miwili ya amri unayoiandika kwenye kompyuta. Wa kwanza, gphoto2 --auto-detect, unakuambia kamera imetambuliwa. Wa pili ndio wenye hukumu: gphoto2 --capture-image-and-download. Ukisikia shata na faili likatua, toa hela. Mstari huo ukigoma kwa madai kwamba kifaa kimeshikwa na programu nyingine, usiilaumu kamera haraka. Mara nyingi ni folda iliyojifungua yenyewe ndiyo imeishika, basi iondoe kamera kwenye folda hiyo kwanza (eject) bila kuchomoa waya, ujaribu tena. Baadaye, nyumbani, unaongeza -I 60 na inapiga kila baada ya sekunde 60. Orodha ya gphoto2 ina kamera zaidi ya 2,000, lakini kuwemo kwenye orodha hakutoshi, kwani nyingine zimo kwa ajili ya kunakili picha tu. Ndiyo maana nasema ichomeke.

Najua kuna atakayesema: mbona kamera nyingine zina saa yake ndani ya kupiga zenyewe kwa vipindi, kompyuta ya nini? Ya kujua kwamba kazi inaendelea. Kamera iliyo peke yake ndani ya sanduku ikizimika Jumatatu, utagundua siku utakayokwenda kuchukua kadi. Picha zikiingia kwenye kompyuta, unaona saa ile ile kwamba ya saa nne haikuja.

Na mwingine atasema megapikseli 10 za 1000D ni chache. Jamani! Video ya 1920 kwa 1080 haifiki hata megapikseli 2.1. Mradi wa Extreme Ice Survey, ulioanzishwa na James Balog mwaka 2007 kurekodi barafu ikirudi nyuma Greenland, Iceland na Alaska, ulianza na Nikon D200, kamera ya megapikseli 10. Mtandao wa PhenoCam wa Marekani, unaofuatilia miti inavyochipua na kupukutisha majani, umetumia kwa miaka kamera za megapikseli 1.3. Wanasayansi wakaridhika, kwa sababu picha zilikuja kila nusu saa, kutoka pale pale, kwa rangi ile ile.

Ulizeni badala yake shata imepiga picha ngapi. Baadhi ya Canon zitaijibu gphoto2 swali hilo. Shata ya DSLR ndogo kwa kawaida inatarajiwa kufika picha kama 100,000. Ukipiga kila dakika, saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, ni picha 720 kwa siku, sawa na sekunde 30 za video kwa picha 24 kila sekunde. Shata hiyo imekwisha katika siku kama 138. Ukipiga kila dakika 10, ni picha 72 kwa siku na shata inavuka miaka mitatu. Mikoko haihitaji kila dakika. Mawingu yanahitaji kila sekunde chache, lakini mawingu unayapiga saa mbili ukaondoka.

Muda unanibana, basi haraka. Kila kitu kiwe kwa mkono: modi ya M, rangi (white balance) ifungwe kwenye alama ya jua, fokasi ya kujiendesha izimwe na pete ya lenzi ibandikwe tepu. Ukiiachia kamera iamue, video itapepesa. Kama bado inapepesa, ffmpeg, programu ya bure ya kutengeneza video, ina kichujio cha kuondoa kupepesa kiitwacho deflicker. Betri ya kamera haitoshi, nunua betri bandia yenye waya wa umeme. Waya wa USB 2.0 usizidi mita 5, kwa hiyo kompyuta ikae karibu, penye kivuli. Sanduku liwe na kioo bapa, lenzi ikaribie kioo, na ndani muwe na silika ya kunyonya unyevu. Chumvi ya pwani haina huruma. Elekezeni kusini au kaskazini ili jua la asubuhi na la jioni lisiingie kwenye lenzi.

Webukamu? Juani picha yake huungua ikawa nyeupe. Simu ya zamani? Kwa siku moja sawa, kwa miezi betri yake itavimba kwa joto la sanduku. Kamera ya ulinzi ya IP, ile inayotuma picha kwa waya wa mtandao, inafaa kwa jengo linalojengwa, maana haiogopi mvua na waya wake wa mtandao unafika mita 100, lakini hakikisheni kipimo chake cha mwangaza kinaweza kufungwa kisibadilike chenyewe.

Pale mezani nina kamera tatu za mtumba na waya zake. Mliokuja na laptopu, sogeeni mzichomeke, tuone ipi inapiga.