Shamba la Anathothi: mhadhara kwa watu wa mpakani Malaba

Bwana Yesu asifiwe! Tena asifiwe! Asanteni. Madereva mlioacha trela barabarani, wazee wa kanisa wameniambia kuna vijana wanaziangalia, basi kaeni kwa utulivu.

Nimeombwa niseme juu ya tumaini katika siku hizi za wasiwasi. Nitasema juu ya kununua kiwanja. Hapa Malaba nani hajui mambo hayo? Unapima kwa hatua, majirani wanasimama kwenye mipaka yao, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, anapiga muhuri, na mashahidi hawashiki kalamu mpaka soda zifike.

Fungueni Yeremia 32. Yerusalemu umezingirwa na jeshi la Babeli. Ndani ya mji kuna njaa na tauni. Yeremia mwenyewe amefungwa kwenye ua wa walinzi, kosa lake ni kutangaza kwamba mji utaanguka. Hapo ndipo anapotokea Hanameli, mtoto wa ami yake, na biashara yake: ndugu yangu, ninunulie shamba langu la Anathothi. Anathothi ni mwendo mfupi tu kutoka Yerusalemu. Adui yuko pande hizo! Mimi ningemwuliza Hanameli kama ameona nina kichaa.

Yeremia akanunua. Akapima fedha kwenye mizani, shekeli 17. Akaandika hati, akaita mashahidi, akatia muhuri. Nakala zilikuwa mbili, moja imefungwa na nyingine iko wazi. Akamkabidhi Baruku, mwandishi wake, mbele ya Wayahudi wote waliokaa pale uani, akamwagiza azitie kwenye chombo cha udongo zikae siku nyingi. Baba yangu aliweka hati zake kwenye mkebe wa biskuti. Ni mambo yaleyale.

Sasa angalieni kinachofuata, maana wahubiri tunapenda kukiruka. Akishalipa, Yeremia anaanza kuomba, na mwisho wa maombi yake ni malalamiko matupu: Bwana, unaniambia ninunue shamba, na mji wenyewe umeshaingia mikononi mwa Wakaldayo, hao hao watu wa Babeli? Mtu ametia sahihi, kisha moyo unamwenda mbio. Mungu hamkaripii kwa hilo. Kwa hiyo tunapomwambia mama aliyekosa usingizi kwamba angekuwa na imani asingeogopa, tunamtwisha mzigo wa pili juu ya ule alio nao. Naomba tuache.

Nchi hii ya Uganda nayo imeyaona. Februari 1977 Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana, Janani Luwum, aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Kaburi lake lilikuwa limeshachimbwa Namirembe, kwenye kanisa kuu kule Kampala, karibu na la Askofu Hannington aliyeuawa 1885, lakini serikali haikutoa mwili. Ulizikwa kwao Mucwini, kule Kitgum. Jumapili watu wakajaa Namirembe hata hivyo, wakalizunguka shimo tupu. Erica Sabiti, aliyekuwa askofu mkuu kabla yake, akawasomea maneno ya malaika: hayupo hapa, amefufuka. Amin alikaa madarakani miaka mingine miwili. Waliosimama pale walirudi nyumbani na hofu zao. Lakini bila neno hilo la kaburi la Yesu mimi leo nisingekuwa na la kuwaambia, ningewapa ushauri wa kuweka akiba nikakaa chini.

Nimalizie na la nyumbani kwangu. Shule zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa tarehe 10 Januari 2022. Nyinyi mnakumbuka miaka hiyo, foleni ya malori ikisubiri vipimo vya korona hadi ndani kabisa ya Kenya. Binti yetu alikuwa darasa la tatu, na mama yake alikuwa ameshanunua kitambaa cha sare, cha bluu. Nikamwambia akiuze, tunahitaji unga. Akakataa. Akakipeleka kwa fundi, akamwagiza aache pindo la vidole vinne. Kila miezi kadhaa anamsimamisha mtoto mlangoni, anafumua pindo, anashusha, anashona upya. Usiku nilimsikia akigeuka-geuka kitandani akihesabu madeni. Asubuhi nikimuuliza pindo la nini, ananijibu, "Mtoto anakua, baba."

Shule zikafunguliwa, ya kwetu haikufunguliwa. Mwenye shule alikuwa ameigeuza gesti. Binti akaenda shule nyingine, sare ya kijani. Ile ya bluu hakuivaa darasani hata siku moja. Nilikasirika, nawaambia kweli, nikamkasirikia na Mungu.

Baadaye nikarudi kwa Yeremia kuona shamba lake liliishia wapi. Hakulilima. Waliosalia baada ya mji kuanguka walimchukua kwa nguvu mpaka Misri, na Biblia haisemi popote kwamba alirudi. Lakini someni Ezra sura ya pili, ile orodha ndefu ya majina ambayo huwa tunaipitia tukisinzia, ya watu waliotoka utumwani Babeli. Mstari wa 23: watu wa Anathothi, 128.

Sare nimekuja nayo, iko kwenye mfuko huu. Mke wangu hakutaka niilete, anaona haya. Akina mama, pokezaneni taratibu. Mkiligeuza pindo mtaona alama za uzi, mistari mitatu, na chini kabisa bado amebakiza kitambaa upana wa kidole kimoja.