Mche Ulioshika

Wanangu, mmeniomba nizungumze juu ya kusudi la maisha. Nitazungumzia miche.

Tarehe 5 Juni 1977, Wangari Maathai na wenzake walitembea hadi Kamukunji, Nairobi, wakapanda miti saba. Mingi kati ya hiyo ilikufa. Kazi ya miti wala hakuwa ameitafuta. Alikuwa mhadhiri wa anatomia ya mifugo, mwenye shahada ya uzamivu tangu 1971. Alipokwenda mashambani kuchunguza kupe, aliwakuta ng'ombe wamekonda hadi mbavu zinahesabika, na mito imebeba udongo. Kisha akawasikia akina mama wa vijijini wakitaja wanachokosa: kuni, maji safi, chakula cha kutosha. Zingatieni hapo, wanangu. Msomi mzima alinyamaza akasikiliza, kisha akawashauri akina mama hao wapande miti.

Wataalamu wa misitu walisema upandaji miti unataka watu wenye diploma. Akina mama wakaotesha mbegu kwenye vyungu vilivyovunjika.

Lakini linalonigusa kuliko yote ni namna walivyolipwa. Walipewa senti chache, na hawakulipwa kwa idadi ya mashimo waliyochimba. Walilipwa kwa kila mche ulioshika. Kwa hiyo ilibidi warudi: kumwagilia, kufukuza mbuzi, kupanda upya palipokauka. Kufikia 2004, Wangari alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani, ilihesabiwa miti ipatayo milioni 30.

Mimi nilipokuwa na umri wenu tulipanda miche shuleni, siku moja, kwa nyimbo na hotuba. Mgeni rasmi alitusifu. Likizo ikafika, tukaenda makwetu. Tuliporudi tulikuta vijiti vikavu, safu kwa safu. Hakuna aliyetuuliza, na sisi hatukuulizana. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu makofi tulikuwa tumeshayapokea.

Ndiyo maana siwaulizi mnataka kuwa nani. Mwanzoni mwa wiki mlikwenda kwa yule bibi jirani wa shule, mkamfagilia uwanja, mkamjazia madumu yake yote. Nilizipata habari, nikafurahi kwa dhati. Bibi yule anaishi peke yake na miguu haimbebi hadi kisimani. Maji yale yanamtosha siku tatu, na leo ni siku ya tano.

Nani ana zamu?